Lori Linarudi Tupu

Bi Wanu aliuza maandazi mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, kwenye kibaraza cha nyumba yake. Kila asubuhi wachukuzi wa bandarini walipita kwake. Walikula maandazi, wakanywa chai ya tangawizi, wakaenda zao kazini. Mumewe, Himid, naye alikuwa mchukuzi. Walikuwa na mtoto mmoja, Shemsa, wa miaka saba.

Mwaka ule wa 1971 unga wa ngano ulikuwa haba. Mchele ulikuwa haba, na sukari pia. Watu walipanga foleni kwenye duka la mtaa tangu alfajiri. Jumatatu Wanu alipanga foleni, akakosa. Jumanne akakosa tena. Jumatano alikuwa mtu wa saba. Alipofika mbele, muuzaji alianza kufunga dirisha.

"Unga umekwisha," alisema muuzaji.

"Umekwishaje, nami ni mtu wa saba?"

"Umekwisha, Bi Wanu. Kaleni muhogo. Husikii redio? Kila siku inatwambia tule muhogo."

"Na huo muhogo uko wapi?" Wanu aliuliza kwa sauti. "Jana nimezunguka soko zima. Muhogo hamna! Hebu nenda wewe ukanunue, nami nikutazame."

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka, lakini kicheko chao kilikuwa cha uchungu. Dirisha likafungwa.

Wiki ile Wanu hakukaanga andazi hata moja. Wachukuzi walipita, wakaona jiko halina moto, wakaenda kubeba magunia na matumbo matupu. Himid mwenyewe alirudi nyumbani akitetemeka miguu.

"Nakwenda Kiwengwa kwa dada," Wanu alimwambia. "Kule watu wanalima."

Dada yake, Mwatima, aliishi Kiwengwa, pwani ya mashariki. Wanu alikwenda kwa gari la shamba, lile la abiria. Alipofika, Mwatima alimpeleka kondeni. Wanu akasimama, akashika kiuno. Shamba zima lilikuwa muhogo.

"Dada, mbona hujauchimba?" aliuliza.

"Niuchimbe nimuuzie nani?" alijibu Mwatima. "Hapa kila mtu ana wake. Ule wa upande ule una miaka miwili ardhini. Umeshakuwa kuni."

"Si uulete mjini!"

"Kwa kichwa? Gari la shamba linanipa nafasi ya pakacha moja tu. Utingo akiona mawili ananishusha."

Walipokuwa wakizungumza, lori kubwa lilipita barabarani. Lilikuwa limeshusha saruji kwenye skuli mpya. Sasa lilikuwa linarudi mjini. Nyuma halikuwa na kitu, hata jani. Wanu alikimbia akalisimamisha.

"Ndugu yangu, tuchukulie mapakacha kumi tu mpaka Ng'ambo."

Dereva alitikisa kichwa. "Siwezi, mama. Kibali changu ni cha saruji. Nikionekana na muhogo, nafukuzwa kazi."

"Lakini unarudi tupu!"

"Kila siku narudi tupu, mama. Mie na wenzangu sote."

Lori likaondoka. Wanu alilitazama mpaka likapotea. Mjini watu wanalala na njaa. Shamba chakula kinaoza. Katikati kuna barabara, na juu ya barabara kuna lori tupu. Nani aliyekaa akapanga mambo haya?

Alirudi na pakacha moja. Mwatima alimchimbia haraka haraka, muhogo wa katikati ya shamba na wa pembezoni. Ule wa pembezoni ulikuwa muhogo mchungu. Wakulima huupanda pembezoni ili kima na nguruwe mwitu wasiingie shambani. Kwa ile haraka ya kuwahi gari, Mwatima alisahau kumwambia mdogo wake.

Nyumbani, Wanu aliumenya muhogo, akaukatakata, akauanika kutwa moja. Kesho yake aliutwanga, akasonga ugali. Shemsa alikuwa na njaa ya siku nyingi. Alikula kuliko wote.

Adhuhuri mtoto alianza kulalamika kichwa. Kisha akatapika. Akatapika tena. Alipojaribu kusimama, miguu haikumchukua.

"Mama, nyumba inazunguka," alisema, kisha macho yakamlegea.

Himid alimbeba mwanawe mikononi, akakimbia naye hospitali. Wanu alimfuata, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki njiani. Waganga wa hospitali walimtia Shemsa maji ya mshipani na dawa. Wanu alikaa chini sakafuni, akashika mguu wa mtoto. Hakulia. Alikuwa anahesabu pumzi zake.

Alasiri Shemsa alifungua macho, akaomba maji. Hapo ndipo Wanu alipolia.

Walipomrudisha nyumbani, jirani yao alikuja kumjulia hali. Jina lake Usi. Alikuwa bwana shamba. Kazi yake ilikuwa kutembelea wakulima na kuwafundisha. Aliomba kuona unga uliobaki. Akauliza, "Bi Wanu, muhogo huu uliuroweka?"

"Kuuroweka? La. Nimeuanika tu."

"Siku ngapi?"

"Moja."

Usi alivuta pumzi. "Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Mtu akiula hivi hivi, unaweza kumuua. Mtoto hudhurika mwanzo, kwa kuwa mwili wake ni mdogo."

Wanu aliinamisha kichwa. Kisha akakiinua, na macho yake yalikuwa makali.

"Bwana Usi, nusura nimuue mwanangu kwa mikono yangu. Kosa hilo nalikubali. Lakini nambie. Redio kila siku inasema tule muhogo, tule muhogo. Mbona haisemi unaliwaje? Sisi watu wa mjini tumezoea wali na mkate. Nani alikuja hapa kutufundisha?"

"Hakuja mtu," alisema Usi. "Hata mie nina lawama. Nazunguka Unguja nzima nikifundisha watu, na jirani yangu, ukuta kwa ukuta, sikumwambia kitu."

"Basi nifundishe sasa."

Usi alikunja mikono ya shati. "Menya ganda lote, la nje na la ndani. Kata vipande. Roweka katika maji mengi siku tatu, mpaka ulainike. Maji yale yamwage mbali, kuku na mbuzi wasiyanywe. Osha kwa maji mengine. Kisha anika juani siku nyingi, mpaka kipande kikivunjwa kinalia 'ka!' Hayo ndiyo makopa. Twanga, chunga, unga wako uko tayari."

"Na ule muhogo mtamu?"

"Mtamu unamenywa na kuchemshwa vizuri tu. Lakini ukiwa na shaka ni upi, usibahatishe. Roweka."

"Nikitaka kukaanga maandazi?"

"Changanya. Vibaba vitatu vya ngano, kibaba kimoja cha muhogo. Unga wako wa siku tatu utakupa siku nne."

Wanu alifikiri. "Mtaa mzima ukifanya hivi, foleni itapungua."

"Itapungua."

"Lakini muhogo utafikaje?"

Hapo hapo Wanu akalikumbuka lile lori tupu.

Jumapili kulikuwa na mkutano wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Hija, mtu mkali, asiyependa kukatizwa. Pembeni yake alikaa Bwana Mabrouk, msimamizi wa malori ya serikali. Kabla ya kutoka nyumbani Himid alimshika mkewe mkono.

"Mama Shemsa, nakuomba. Siku hizi mtu hasemi ovyo. Utatutia matatani."

"Mtoto wetu ametoka kulazwa hospitali, Baba Shemsa. Matata gani tena unayoyaogopa?"

Mzee Hija alizungumza kwa muda mrefu. Alisema nchi inajitegemea. Alisema watu wa mjini ni wavivu wa kuacha mchele na kula muhogo. Aliposema "wavivu," Wanu akasimama. Mkutano mzima ukageuka kumtazama. Himid aliangalia chini.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema Wanu.

"Marahaba. Wakati wa maswali bado."

"Sina swali. Nina maneno. Sisi si wavivu. Nasimama foleni tangu alfajiri na narudi na kikapu kitupu. Mume wangu anabeba magunia kutwa. Nani mvivu hapa?"

"Bi Wanu, unajua unasema na nani?"

"Nasema na watu wanaokula," alijibu. Hakukaa. "Nimekwenda Kiwengwa. Muhogo umejaa mpaka umekuwa kuni. Dada yangu hana wa kumuuzia, mie sina pa kununua. Na malori yenu yanapita pale pale, yanarudi mjini matupu. Mafuta yanaungua, dereva analipwa, lori linabeba upepo! Mnatwambia uchumi mgumu. Ugumu mwengine tunautengeneza wenyewe, kwa karatasi! Andikeni kwenye hicho kibali: kwenda saruji, kurudi chakula. Ni maneno machache tu hayo. Na mtu anayetwambia tule muhogo, aje na mtu wa kutufundisha kuula. Mwanangu nusura afe."

Mzee Hija alikuwa amekunja uso. Watu waliokaa karibu na Wanu walianza kusogea mbali naye, kidogo kidogo.

Ndipo Usi aliposimama. "Mie ni mfanyakazi wa kilimo," alisema. "Alilolisema ni kweli. Nimeliona kwa macho yangu, nikanyamaza. Nipeni uwanja wa skuli, nitawafundisha kina mama kutengeneza makopa."

Mzee Hija alimgeukia msimamizi. "Bwana Mabrouk, malori yanarudi matupu?"

Mabrouk alipangusa jasho. "Kibali, Mzee, kinasema..."

"Sikukuuliza kibali. Yanarudi matupu au hayarudi matupu?"

"Yanarudi matupu."

Mzee Hija alipomtazama tena Wanu, hasira yake ilikuwa haijaisha, lakini haikuwa juu ya mwanamke yule tena.

"Kesho mie, Bwana Mabrouk na Bwana Usi twende kubadilisha hicho kibali," alisema. "Na wewe Bi Wanu uje. Ukayaseme kama ulivyoyasema hapa."

Haikuwa kazi ya kesho moja. Waliambiwa njooni Jumatano. Jumatano wakaambiwa mwenye muhuri kasafiri. Wanu alikaa kwenye benchi la ofisi ile siku nne, na kila karani aliyepita alimsikia. Siku ya tano kibali kikapigwa muhuri.

Lori la kwanza lilifika Ng'ambo na muhogo wa Kiwengwa, mikungu ya ndizi juu yake na matunda ya mashelisheli pembeni. Mwatima mwenyewe alikaa mbele na dereva. Usi alifundisha kwenye uwanja wa skuli kila alasiri kwa wiki mbili. Mapipa ya kurowekea yalipangwa, na kila pipa liliandikwa kwa chaki siku ya kutia muhogo na siku ya kuutoa. Wanawake waliokuwa wakijifunza kusoma katika darasa la watu wazima waliyasoma maandishi yale wenyewe. Hakuna aliyeugua.

Foleni ya unga haikwisha. Lakini ilikuwa fupi, kwa kuwa watu hawakuhitaji unga mwingi kama zamani. Wanu alikaanga maandazi ya mchanganyiko. Mwanzo wachukuzi walinusa, wakatia shaka. Kisha wakaomba zaidi. Shemsa alirudi skuli. Mwatima aling'oa ule muhogo uliokuwa kuni, akapanda mpya.

Miezi mitatu baadaye kulikuwa na mkutano mwengine. Mzee Hija alipouliza kama kuna mwenye la kusema, macho ya watu yalikwenda kwa Wanu. Yeye alikuwa anampepea Shemsa.

Mkono ulionyanyuka ulikuwa wa Himid.

Alisimama polepole. Mikono yake mikubwa hakujua aiweke wapi.

"Mwenyekiti," alisema, "mie nashusha shehena bandarini. Juzi nimeshusha kamba kutoka ng'ambo ya bahari. Kamba! Na kisiwa hiki makumbi ya nazi tunayachoma moto. Wazee wetu walisokota kamba za makumbi. Sisi tunanunua kwa wageni. Nataka kuuliza kwa nini."

Mzee Hija alimtazama Himid, kisha akamtazama Wanu. Alitoa kalamu mfukoni.

"Endelea, bwana," alisema. "Naandika."