Mfarishi wa Bhuj

Kitanda kilikuwa na joto.

Kanyiva alikuwa ametoka soko la Burma, Nairobi. Alifungua kufuli, akatua kikapu, akaketi ukingoni mwa kitanda avue viatu, na mkono wake ukagusa mfarishi. Ulikuwa na joto la mtu aliyeamka sasa hivi. Mumewe, Muasya, alikuwa njiani kwenda Mombasa na lori la mbao. Binti yao wa pekee, Ndindi, alikuwa shuleni. Chumba kilikuwa kimefungwa kwa nje, na ufunguo alikuwa nao yeye, kifuani.

Akajiambia ni jua la dirishani. Lakini ilikuwa Julai, na jua halikuwa limeonekana mtaani Mbotela tangu Jumapili. Akawasha jiko, akaendelea na shughuli zake.

Mfarishi wenyewe ulikuwa zawadi, na ulikuwa umetoka mbali. Kwa miaka mingi Kanyiva na rafiki yake Apondi walikuwa washonaji katika duka la Mama Sakina kule Eastleigh. Mama Sakina alikuwa Mhindi mzaliwa wa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Pumwani kabisa. Ndiye aliyewafundisha kazi ya mifarishi ya viraka: nguo kuukuu hupangwa tabaka juu ya tabaka, viraka vya rangi vikawekwa juu, kisha vyote vikashikwa kwa sindano, mishono midogo kama punje za wimbi, mstari baada ya mstari, mpaka kitambaa cha kutupwa kinakuwa cha kujifunika maisha. Alipohamia kwa ndugu zake Bhuj, India, hakuwasahau. Mwaka wa themanini na moja binti yake alichumbiwa, naye akawatumia tikiti za ndege wote wawili.

"Njooni mnisaidie kushona mifarishi ya bibi harusi," aliwaambia kwa simu. "Na mtembee muione dunia kabla magoti hayajakataa."

Wakaenda. Asubuhi walishona uani pamoja na wanawake wa nyumba ile, wakicheka bila kuelewana lugha. Jioni walitembezwa. Waliona jumba la mfalme lenye vioo mpaka darini. Waliona jangwa la chumvi, jeupe hadi macho yakauma. Walipandishwa ngamia, Apondi akapiga ukemi mpaka watoto wa kijiji kizima wakaja kumtazama. Kanyiva hakuwa amecheka hivyo tangu aolewe. Usiku walilala chumba kimoja, wakinong'ona kama wasichana wa bweni.

Kisha tumbo likamshika Kanyiva, akabaki ndani siku moja. Apondi akatoka na msichana wa nyumba ile aliyejua Kiswahili kidogo, kwenda kuona majumba ya kale nje ya mji. Alirudi amebeba mfarishi begani, mwekundu na mweusi, wenye mishono mizuri kuliko yote waliyowahi kuona.

"Umeununua?" Kanyiva aliuliza.

"Nimepewa. Mama mmoja alikuwa ameketi ngazini, peke yake. Alinipa tu."

Tangu siku ile Apondi hakucheka tena. Kanyiva alidhani ni hamu ya watoto. Walipofika kiwanja cha ndege cha Bombay, Apondi aliufungua mzigo wake, akautoa ule mfarishi na kumnyooshea.

"Chukua, Mama Ndindi. Ukumbusho wa safari yetu."

"Ai, Mama Benta! Si ulipewa wewe?"

"Pokea kwa mikono miwili, bwana. Na useme asante."

Kanyiva akapokea kwa mikono miwili. Akasema asante. Apondi akafumba macho, akashusha pumzi kama mwanamke aliyetua mzigo wa kuni.

Baada ya lile joto, ikaja harufu. Karafuu maiti. Kanyiva aliifua shuka, akafua mapazia, akapiga sakafu deki kwa sabuni ya magadi, na chumba kikaendelea kunuka kama maiti aliyeoshwa. Jirani mmoja aliingia kuomba kiberiti, akasimama mlangoni akinusa, kisha akaondoka bila kiberiti.

Jioni moja, Ndindi alikuwa amerudi kutoka shuleni akajilaza kitandani na sare yake, nyuma ya pazia lililogawa chumba. Kanyiva alikuwa anakatakata sukuma wiki. Akasikia sauti. Ilikuwa sauti aliyoijua kuliko sauti ya mumewe: uzi mrefu ukivutwa kupitia kitambaa kizito. Shwaa. Kimya. Shwaa. Kimya. Halafu tk, meno yakikata uzi.

"Ndindi, unashona nini huko?"

Kisu bado kikiwa mkononi, akasogea hatua moja, akasimama, akasogea nyingine, na ile sauti haikumjali, iliendelea kwa mwendo uleule wa mtu mwenye kazi yake na wakati wake, shwaa, kimya, shwaa, na karibu na pazia harufu ya karafuu maiti ilikuwa nzito hata ikamkaa ulimini, na alipoushika ukingo wa pazia alihisi kwamba upande wa pili kuna mtu ameushika vilevile, akingoja aone nani atavuta kwanza.

Akavuta.

Hapakuwa na mtu ila mwanawe. Ndindi alikuwa amelala chali, macho wazi, mfarishi umemfika kidevuni. Kanyiva alijaribu kumwinua, mtoto hakuinuka. Mikono ya sare ilikuwa imeshonwa kwenye mfarishi. Upindo wa sketi ulikuwa umeshonwa. Kola imeshonwa. Mishono midogo, iliyonyooka, mizuri kuliko yake yeye.

"Mama, usinitikise," Ndindi alinong'ona. "Shangazi amesema nikitingishika nitamharibia."

"Shangazi gani?"

Mtoto akaelekeza macho chini. "Huyu wa humu ndani. Anasikia baridi."

Kanyiva alikata nyuzi kwa kisu cha sukuma. Mwili wa mtoto ulikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri, ila mfarishi ulikuwa wa moto.

Muasya aliporudi alisikiliza mpaka mwisho, akaguna. Akaubeba mfarishi hadi nyuma ya nyumba, akautia kwenye pipa, akamwaga mafuta ya taa na kuwasha. Watoto wa ploti wakakusanyika kuota moto. Uliwaka vizuri. Ukawa majivu mbele ya macho ya watu wote. Muasya akapangusa mikono, akamtazama mkewe kama mtu aliyeshinda kesi, akaingia ndani.

Kanyiva alimsikia akisema neno moja tu, jina la marehemu mama yake.

Mfarishi ulikuwa kitandani, umetandikwa, pembe zimenyooshwa. Muasya aliuweka mkono juu yake na kuuondoa haraka. Hakusema tena habari ya moto. Kesho yake aliomba safari ambayo haikuwa yake, akaenda na lori, wala hakuaga mtoto.

Kanyiva alimlaza Ndindi sakafuni, mbali na kitanda. Kulipokucha mtoto alikuwa kitandani, chini ya mfarishi, na safari hii sindano haikuwa imegusa nguo. Ilikuwa imepita kwenye ngozi ngumu ya kisigino.

Alimkuta Apondi bombani akijaza ndoo. Wanawake wengine walikuwepo, kwa hiyo akaongea chini.

"Mama Benta, ule mfarishi. Ni nini?"

Apondi hakugeuka. "Usiniulize hapa."

Walikwenda nyumbani kwake, milango miwili kutoka kwa Kanyiva. Apondi akafunga mlango kwa komeo, akanyoosha mkono wa kushoto. Kati ya kidole cha kati na cha pete palikuwa na vitone vyeusi, viwili viwili, kama njia ya siafu.

"Niliamka kwa Mama Sakina vidole vimeshonwa pamoja. Wewe ulikuwa umelala hapo kando yangu. Nikarudi kumtafuta yule mama wa ngazini, nikampigia magoti. Yule msichana akanitafsiria. Akasema hautupwi, hauchomwi. Unatolewa. Mtu aupokee kwa mikono yake na ashukuru. Basi. Unakuwa wake yeye na nyumba yake."

"Ukanipa mimi."

"Nina watoto watatu, Mama Ndindi."

"Mimi nina mmoja."

"Ndio," Apondi alisema. Alikuwa analia, lakini sauti yake haikutetereka. "Nilihesabu."

Kanyiva aliketi akimtazama. Huyu ndiye aliyemshika mkono uchungu wa Ndindi ulipoanza. Huyu ndiye aliyelala naye chumba kimoja ng'ambo ya bahari.

"Uchukue tena," akasema. "Nakuomba. Nitakushonea maisha yako yote."

"Siwezi. Na usinipe kitu, sikiza? Usinipe hata chumvi. Sitapokea kitu kutoka mkono wako mpaka nife."

Akafungua mlango.

Mtu wa kanisani alimnong'oneza Kanyiva habari za Bi Mwanaidi wa Majengo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya ukali, aliyekuwa akitoa majini tangu enzi za Mzungu. Alasiri Kanyiva akambeba Ndindi mgongoni mpaka huko, na mfarishi ndani ya kikapu. Bi Mwanaidi aliufunua kidogo tu. Akaweka ubani kwenye chetezo, akamketisha mtoto juu ya mkeka, akamfunika kaniki, akaanza kusoma. Moshi ukajaa. Ndindi akatulia, akainamisha kichwa, na alipokiinua, sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mzima, iliyochoka.

"Sina joto langu," ilisema. "Nifanyeje?"

"Umekaa kwa mtoto wa nini? Toka!"

"Nitoke niende wapi? Mimi huenda ninakopelekwa. Nimepelekwa hapa, na mama huyu akashukuru." Kichwa cha mtoto kikamgeukia Kanyiva polepole, kikamtabasamia kwa mapenzi. "Mwanao ni mtamu. Nitamshona kwangu taratibu, nisimwumize. Macho nitayaacha mwisho, akuone."

Bi Mwanaidi akapaza sauti, akasoma kwa nguvu, akampulizia mtoto moshi usoni, akampiga kwa ncha ya kaniki mabegani, akamwita yule aliyemo kwa majina aliyoyajua na asiyoyajua, na muda wote huo kile kitu kilimtazama Kanyiva kwa macho ya mwanawe, kikitabasamu, mpaka jasho lilipomtiririka mganga na kaniki ikamwanguka mkononi.

"Nimeweza kumsukuma nyuma kidogo tu," alisema akihema. "Ana milango miwili. Wa kwanza, mrudishe kwao, umwache palepale alipotolewa. Panda ndege, mama. Uza kitanda, uza nyumba, nenda."

"Na wa pili?"

Bi Mwanaidi alimtazama sana. "Wa pili unaujua. Usinitake niutamke."

Kanyiva hakuwa na cha kuuza kinachofika India. Alimpigia Mama Sakina kwa simu ya posta. Mama Sakina alilia, akasema atatafuta njia, asubiri, mwezi hivi, pengine miwili. Ndindi hakuwa na miezi. Alikuwa ameacha kula, na alipozungumza alizungumza na upande wa kitanda ambao haukuwa na mtu.

Jumamosi, adhuhuri, kulikuwa na hodi nyepesi. Benta, binti wa Apondi, mtoto wa miaka minane, alisimama kizingitini ameshika chungwa.

"Nimemletea Ndindi. Mama ameniambia nisikuje huku, lakini nimemiss rafiki yangu."

"Mama yuko?"

"Ameenda Gikomba."

Kanyiva alilitazama lile chungwa. Lilikuwa limeanza kumenywa, mtoto alikuwa ameshindwa kujizuia njiani, kisha akakumbuka ni la mgonjwa na kuacha. Nyuma ya pazia uzi ulikuwa unavutwa. Shwaa.

"Unasikia baridi, Benta?"

"Kiasi."

Kanyiva akaingia nyuma ya pazia. Akakata nyuzi za siku ile kwenye nguo ya mwanawe, akaukunja mfarishi mara nne. Mikono yake haikutetemeka, na jambo hilo lilimshangaza. Akatoka, akapiga magoti ili macho yao yawe sawa.

"Huu ni wako. Ulale nao. Pokea vizuri kwa mikono miwili, kama ulivyofunzwa."

Benta akaweka chungwa chini. Akapokea kwa mikono miwili, akapinda goti kidogo.

"Ni mrembo! Una joto. Asante sana, Mama Ndindi."

Nyuma ya pazia, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, Ndindi alilia kwa njaa.

Jioni ile Apondi hakusema kitu. Pengine mtoto aliuficha, akijua amekatazwa kuja. Kanyiva alipika uji, akamlisha mwanawe kijiko kwa kijiko, akamwona akipata rangi. Harufu ikaisha chumbani. Siku zilizofuata aliwahi bombani kabla ya wenzake, na Jumapili alikwenda kanisa jingine.

Ndindi alikuwa ameanza kuruka kamba aliposikika mtu akikimbia uani, kandambili zikipiga saruji. Kanyiva alimvuta mtoto ndani akatia komeo. Mlango ukapigwa kwa ngumi.

"Mama Ndindi! Fungua! Nakuomba fungua, ni mimi!"

Kanyiva akaketi sakafuni na mwanawe mapajani.

"Umempa Benta! Umempa mtoto! Si ungenipa mimi, ningepokea! Naapa ningepokea!" Apondi aliteleza mpaka chini, sauti yake ikaja sasa kutoka chini ya mlango, karibu kabisa. "Mdomo wake, Mama Ndindi. Umeshonwa mdomo. Anataka kuniita, hawezi. Njoo na wembe, mikono yangu inatetemeka, mimi siwezi kumkata. Njoo unisaidie tu. Wewe ndiye mwenye mkono mtulivu."

Ndindi aliinua kichwa. "Mama, ni Mama Ben..."

Kanyiva alimziba mdomo kwa kiganja, akamkumbatia kwa nguvu, akahisi joto la pumzi ya mwanawe kati ya vidole vyake. Akafumba macho, akangoja hodi iishe.