Mkanda Mmoja Mwekundu, Mmoja Mweusi

Wazazi wenzangu, mimi si mtu wa kalamu. Niliishia darasa la nne, na mikono yangu imezoea kuosha matumbo ya ng'ombe kichinjioni hapa Dagoretti. Lakini haya ya msichana wangu Mercyline nimeona niyaandike, maana kosa kubwa lilikuwa langu, na najua wengi wenu mnalifanya mkidhani ni upendo.

Jumamosi zetu zilikuwa tamu. Mke wangu Selpher alikuwa fundi wa nguo. Aliweka cherehani karibu na mlango apate mwanga, Mercyline akikaa chini kumshikia pindo, nami nikichemsha chai. Walinicheka vile navaa sweta nje ndani. Nami nilicheka nao.

Kisha Selpher akaugua. Hospitalini tukaambiwa tungoje: daktari hayuko, mashine imeharibika, karatasi haina muhuri. Tulingoja kwenye benchi mpaka Selpher akafa, hakukuwa tena na mgonjwa wa kutibiwa. Wakubwa wa pale wakatupa pole. Tangu siku hiyo, hata chumvi ikimwagika nasema ni serikali.

Selpher aliacha kazi katikati: majoho meupe ishirini na manne ya kwaya ya kanisa, kila moja na mikanda miwili ya velveti nyekundu inayoshuka mbele kutoka mabegani. Mwenyekiti wa kwaya, Mama Millicent, akasema mtoto amalizie. Mercyline alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikata ile velveti kwa uangalifu, huku akigeuzageuza kipimo cha karatasi ili kitambaa kisipotee. Chumbani kwetu, kwa balbu moja, yalipendeza.

Jumapili kwaya ikasimama, jua likaingia madirishani. Jameni! Kila mwimbaji alikuwa na mkanda mmoja mwekundu na mwingine karibu mweusi, na kitambaa ni kilekile. Kijana mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Leo tunaimbiwa na punda milia," na benchi zima likatetemeka kwa kicheko. Mercyline alitoka kabla ya sadaka.

Nyumbani nilimfariji kwa njia niliyoijua. Nikamwambia si yeye. Ni wenye duka wa Ngara waliouza kitambaa kibovu. Ni mwenyekiti aliyemharakisha. Nilihubiri hivyo wiki nzima, naye akiitikia tu, "Sawa, Baba." Nikadhani anapona.

Kumbe anazama. Alifunika cherehani kwa shuka, akaanza kwenda mtaa wa Muthangari kuwafulia watu nguo. Jirani akileta sketi ya kupunguza, alimwambia fundi wa hapa alikufa. Mwezi wa tatu tangu ile Jumapili nikasikia kwamba amemwambia jirani yetu Mbuthia aje Jumamosi kuchukua cherehani ya mama yake, inauzwa.

Ijumaa nikaazima joho moja kwa mwanakwaya, nikalitia kwenye mfuko, nikaenda Ngara kugombana na yule muuza kitambaa. Nilitaka shahidi, nikapitia kwanza kwa Peres, fundi aliyekuwa rafiki wa Selpher. Peres alitandaza joho mezani, akapitisha kiganja juu ya velveti.

"Baba Mercy, lete mkono. Huu mkanda, ukishuka ni laini. Huu mwingine, ukishuka unakwaruza."

Akanieleza kwamba velveti ina manyoya, na manyoya yamelala upande mmoja kama ya paka. Ukigeuza kipande, mwanga unakipiga vingine. Mercyline alikata mmoja kichwa juu na mwingine kichwa chini.

"Kwa hivyo ni kosa lake," nikasema.

"Ni lake. Mimi nililifanya kwa gauni la bibi harusi, Selpher akanicheka mwaka mzima. Unafumua mkanda mmoja, unaugeuza juu chini, unashonea palepale. Wewe umekuwa ukimwambia nini?"

Nikamweleza. Akalikunja joho, akanirudishia.

"Ukimwambia hakuna alichokosea, atarekebisha nini? Na mtoto ana macho. Akiona babake analikwepa hilo kosa kama ugonjwa, atajua ni ugonjwa usiopona."

Msomaji, nimetukanwa na wasimamizi maisha yangu yote. Hakuna lililowahi kunichoma kama hilo.

Nilirudi nikakaa kando ya Mercyline. Nikasema, "Mama, ni wewe ulikosea."

Alilia, kisha akapangusa uso kwa kanga. "Nilijua, Baba. Tangu ile Jumapili. Nikafikiri hata wewe unaona aibu kulitaja."

Nikaushika mkono wake, nikaupitisha juu ya velveti, chini na juu, kama nilivyofundishwa, nikamwambia mkanda mmoja unafumuliwa na kugeuzwa. Akarudia mwenyewe mara nyingi.

"Ni hivyo tu?" akauliza.

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa Mama Millicent kuyaomba majoho mengine. Alisemwa, akavumilia, akarudi nayo. Mbuthia alipofika Jumamosi alitukuta tukifumua nyuzi kwa wembe. Mercyline hakuinua hata kichwa. Alimwambia samahani, cherehani ina kazi.

Joho la mwisho likaingia balaa. Pasi ilikandamiza velveti, manyoya yakalala, alama ikang'aa. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikaanza na watu wa stima na moto wao usio na kipimo.

"Baba, wacha watu wa stima," akasema. "Ni mimi nimebonyeza."

Akainua mkanda juu ya mvuke wa sufuria, akaupiga brashi taratibu. Alama ilipungua, haikuisha. Jumapili alimpelekea Mama Millicent joho hilo kwanza, akamwonyesha mahali penyewe. "Hili niliharibu kwa pasi. Nitabadilisha mkanda kabla ya Pasaka." Nilikuwa mlangoni nikimtazama. Mama Millicent aliligeuza joho, akalitazama, kisha akamuuliza kama anaweza kumpunguzia gauni lake.

FUNZO

Wazazi, wakubwa wetu wana makosa yao, na mimi wale wa hospitali sijawasamehe. Lakini usimpe mtoto wako maadui wa kubeba kila anguko lake. Ukimwondolea kosa, umemwondolea na uwezo wa kulitengeneza, naye atajiona hafai. Mwambie ukweli kwa upole, kisha chukua wembe, keti naye, mfumue pamoja.