Shaba Isiyong'aa

Nikutegee, wewe unayenisikiliza: naota nywele motoni, ukinisafisha umeniua. Usijibu haraka. Kitendawili hiki kilimshinda hata fundi shaba mwenye mvi.

Fundi huyo walimwita Kioo, maana sufuria zake zilitosha kujitazamia. Chombo kikishang'aa, alikigonga alama yake, jogoo mdogo. Kisichong'aa hakikupata jogoo.

Asubuhi moja hakutulia. Alikaa, akasimama, akapanga nyundo zilizokwisha kupangwa. Binti yake, mwanafunzi wa sayansi, alikuwa amechoma kibati cha shaba kwenye tanuri la karakana. Kikatoka cheusi tii. Alasiri walimu wake wangekipima; kisipofanya kazi, mwaka mzima wa masomo umekwenda na maji.

"Kikifanya kazi, baba, utakigonga jogoo?" binti aliuliza akienda kuoga.

Fundi akaguna tu. Jogoo wake akae juu ya masizi? Mikono ikamwasha. Akachukua kitambaa na mchanga laini, akasugua.

Binti alirudi na taulo begani, akakiona kinameta.

"Baba, umekinyoa."

Fundi akajitetea kwamba alitaka kumsaidia. Mtu haendi kwa walimu na kitu kichafu. Binti akavuta pumzi.

"Ukijifuta kwa nailoni, unakauka?"

"Nitakaukaje?"

"Na kwa taulo?"

"Taulo lina manyoya, linanyonya."

"Basi ule weusi ni manyoya ya shaba. Shaba ikichomwa penye hewa huota oksidi, vinywele vyembamba hata jicho halivioni. Hewa ukaa, ile ya kwenye moshi, hunasa humo. Ikipata maji na mwanga, hugeuka gesi ya kuwaka. Kibati kikiwa laini, itanasa wapi?"

Fundi alikwenda kuwasha tanuri. Alitaka kuongeza moto ili wawahi, binti akamkataza: moto ukizidi, vinywele huyeyukiana. Wakachoma polepole, mlango wa tanuri ukiachwa wazi kidogo hewa iingie. Mzee akazunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutagia, mikono kaifunga nyuma isije ikagusa.

Alasiri kibati kilipimwa. Gesi ilipatikana, kidogo, lakini ilipatikana. Walimu wakaagiza vingine.

Jioni binti akaleta kibati kipya, bado chekundu, hakijachomwa, akafungua tanuri.

"Lete hapa kwanza," fundi alisema, nyundo mkononi. "Jogoo agongwe kabla nywele hazijaota."