Ndevu za Inoke

Unywele wa kwanza ulitoka kwenye sabuni.

Kalim alikuwa akikoroga povu asubuhi, bakuli mkono wa kushoto, brashi mkono wa kulia, kama alivyofanya kwa miaka kumi na minane katika kibanda chake cha kinyozi nyuma ya stendi ya mabasi ya Tavua, mji mdogo wa visiwani. Mteja alikuwa ameshalaza kichwa kitini, koo wazi, macho ameyafumba. Povu likapanda jeupe, na katikati yake ukachomoza unywele mmoja mweusi, mnene, uliojikunja. Kalim akautoa kwa kidole, akaupangusa kwenye aproni. Alipokoroga tena ukachomoza mwingine. Akatoa wa tatu na wa nne, kisha akamwaga povu lote na kuchukua sabuni mpya, bado imo ndani ya karatasi yake. Akaikata vipande viwili kwa kisu. Ndani, katikati kabisa, ilikuwa imejaa nywele kama nyuzi za embe.

Kalim alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni, na wateja wake walimtania kwamba angeweza kuiosha hata sabuni yenyewe kabla ya kuitumia. Nyembe zake zililala ndani ya spiriti. Brashi zilining'inia kichwa chini zikauke. Mashine ya umeme, ambayo aliitumia kwa vijana wasiotaka wembe shingoni, aliifungua kila adhuhuri na kukung'uta ule unga wa kijivu unaojilimbikiza ndani, unga wa ndevu na ngozi za watu, na kazi hiyo aliifanya pumzi ameibana na uso ameugeuzia ukutani. Mtu wa namna hiyo hawezi kukosea kuhusu nywele. Alipozitazama zile za kwenye sabuni alijua papo hapo ni za nani.

Siku tatu nyuma alikuwa amemnyoa Sevanaia.

Kijijini kwao Sevanaia, ng'ambo ya mto, mtu akifa wanaume wa nyumba yake hawagusi wembe mpaka usiku wa mia upite. Siku hiyo hufanyika karamu, wakanyolewa pamoja, na msiba ukaisha. Hakuna asiyelijua hilo Tavua, awe wa kijijini au Mhindi wa mjini kama Kalim. Kinyozi ndiye anayelijua zaidi, maana akimwona kijana amefuga ndevu kama kichaka humpa pole na kumwacha apite. Kaka yake Sevanaia, Inoke, alikuwa amekufa kwa homa, na siku arobaini tu zilikuwa zimepita pale hoteli moja ya Nadi ilipomwita Sevanaia kwa kazi ya kuhudumia mezani. Hoteli haikutaka mhudumu mwenye ndevu. Akaja kwa Kalim mchana, kwa mlango wa nyuma.

"Kaka, ninyoe," alisema kwa sauti ya chini.

"Msiba wenu haujaisha, bwana mdogo."

"Kazi hainisubiri mpaka siku ya mia. Na Inoke alinipenda. Ataninyimaje kula?"

Kalim alikataa mara mbili, mara ya tatu akalainika. Alimwonea huruma, na tuseme ukweli, alijiambia pia kwamba mila ile ni ya kwao, yeye yanamhusu nini. Akafunga pazia, akampaka povu. Wembe uliingia butu kwenye pigo la tatu, ilhali alikuwa ameunoa asubuhi ile ile. Akabadilisha, wa pili nao ukawa butu. Sevanaia alikuwa na miaka ishirini na mitatu, lakini kutoka kidevuni mwake zilikuwa zikianguka nywele za mvi, fungu zima la mvi chini ya mdomo, na Inoke marehemu ndiye aliyekuwa na fungu kama hilo. Kalim aliona, akaendelea kunyoa. Akakusanya povu na ndevu, akavimwaga mferejini.

Sasa zimerudi. Yule mteja wa asubuhi alinyolewa kwa povu la sabuni ya kufulia, akaondoka hana habari.

Kama mambo yangeishia kibandani, Kalim angevumilia. Lakini nyumbani alikuwa na Jaibun, mkewe, mwenye mimba ya miezi saba. Mimba tatu zilikuwa zimeharibika kabla ya hiyo, na ya tatu ilikuwa imeshaanza kucheza. Hii ya nne ndiyo waliyoipigia dua na kuinyamazia, hata nguo za mtoto hawakuthubutu kununua. Nesi wa kliniki alisema maneno machache tu: mama ale, akipungua uzito tena mtoto hatakaa.

Jioni ile Jaibun alikata kipande cha chapati, akakichovya kwenye dengu, akatia mdomoni. Akatafuna mara mbili akasimama. Akaingiza vidole viwili na kuvuta. Unywele ulitoka ukiwa umejisokota katikati ya meno yake ya nyuma, mrefu kama kiganja, ncha yake nyeupe.

"Umeleta uchafu wa dukani," alimwambia.

Kalim aliinuka, akaenda bafuni. Alioga mara mbili, akabadilisha nguo nje ya mlango, akakata kucha mpaka nyamani. Kesho yake nywele zilikuwa kwenye maziwa. Keshokutwa Jaibun alivunja yai la kuchemsha ambalo halijaguswa na mtu ila kuku, na kiini kilikuwa kimeota ndevu. Alikimbilia uani, na alichotapika hakikuwa yai. Kalim alimshika paji la uso akaona yaliyomtoka, bonge jeusi lenye ute, na akageuza uso kwa kinyaa, na kumwonea kinyaa mke wake kukamuumiza kuliko yote.

Harufu ikaja nayo. Ilikuwa harufu ya kitambaa cha moto kilichowekwa usoni kwa mgonjwa na kusahauliwa hapo, jasho na mate na mdomo uliolala. Kibandani iliwapokea wateja mlangoni. Wakaanza kupungua, na wale waliobaki walipata yao: mwalimu mmoja alinyolewa saa nne akiwa safi kama sahani, na kabla basi lake halijatoka stendi alirudi amekasirika, kidevu kimeota ndevu upya, nyeusi kwa nyeupe, na chini ya ndevu ngozi imelowa. Adhuhuri Kalim alifungua mashine ya umeme, ambayo siku ile haikuwa imemgusa mtu, na unga wa kijivu ukamwagika kutoka ndani yake, ukamwagika tena, ukajaa kiganja, ukajaa bakuli, ukafika ukingoni ukaanza kuanguka mezani, wenye uvuguvugu na unyevu kama kitu kilichotoka kutafunwa, na mashine yenyewe, ambayo waya wake ulikuwa chini sakafuni haujachomekwa popote, ikaanza kuvuma taratibu mkononi mwake kama mtu anayesafisha koo lake kabla hajasema.

Aliitupa, akafunga kibanda, akaenda kwa maalim wa msikitini.

Maalim alikuja nyumbani siku tatu mfululizo akasoma. Siku ya tatu alinyanyua kikombe cha maji aliyoyasomea ampe Jaibun anywe, akakitazama ndani, akakiweka chini polepole.

"Nimemsomea kila ninachojua," alimnong'oneza Kalim ukumbini. "Hakimbii wala hagombani. Ananisikiliza tu, kama mtu aliye na haki yake. Jini mwenye haki mimi simwezi, mwanangu. Nenda kwa wenye msiba."

Wakati huo Jaibun alikuwa amebaki mifupa na tumbo. Alikula ndizi tu, alizomenya mwenyewe na kuzipasua vipande vipande kwa sindano.

Kalim alivuka mto na fungu la mizizi ya yagona, ile wanayoisaga na kuinywa pamoja na wageni, na jino la nyangumi aliloazima kwa jirani, kama anavyofanya mtu anayekwenda kuomba radhi. Alimkuta Sevanaia huko huko, ameketi nyuma ya wenzake, hana uso wa kutazama watu. Hoteli ilimrudisha siku ya pili: alikuwa akipeleka supu mezani na ndevu zikimuota njiani, na unywele ukadondoka bakulini mwa mgeni mbele ya msimamizi. Aliyepokea lile jino ni Litia, shangazi yao Inoke na Sevanaia, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali. Alilipima mkononi kwa muda mrefu.

"Kinyozi," alisema, "ningekujia mimi kukuchinjia mbuzi wako kabla ya harusi yako, ungecheka?"

"Nisingecheka, shangazi."

"Inoke hakuwa mtu mbaya. Lakini alihesabiwa siku mia, mkamkata katikati. Sasa hana pa kukaa, amekuja kukaa kwenu."

Kisha akahukumu. Siku sitini na mbili zilikuwa zimepita tangu Inoke afe, zilibaki thelathini na nane. Sevanaia angeanza kuhesabu upya. Kalim naye angemalizia zile zilizokatwa: asijinyoe, asimnyoe mtu, na chini ya paa lake chombo cha kunyolea kisiguse unywele wowote mpaka usiku wa mia. Siku hiyo aje, atanyolewa pamoja na wanaume wenye msiba, na Inoke atakwenda zake.

"Unywele wowote?" Kalim aliuliza, kwa sababu alikuwa mtu makini.

"Hata wa paka," alisema Litia, na watu wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

Kalim alifunga kibanda, akatia vyombo vyote ndani ya sanduku, akalisukuma chini ya kitanda. Jioni Jaibun alimega chapati, akaigeuza mbele na nyuma, akaila. Ilikuwa safi. Akala ya pili na ya tatu huku machozi yakimtiririka, akaramba dengu kwenye vidole. Harufu iliondoka nyumbani baada ya siku mbili. Ndevu za Kalim ziliota zikamwasha. Yeye ambaye hajawahi kulala na kidevu kichafu alikuwa akijikuna kama mbwa, na akijitazama kiooni alijichukia. Lakini Jaibun alinenepa. Nesi akatabasamu.

Mtoto hakusubiri. Alizaliwa siku ya themanini na saba ya msiba, wiki tatu kabla ya wakati wake, wa kiume, mdogo, mzima, na kichwa kimejaa nywele laini nyeusi. Walimwita Mubarak. Kalim alimshika, kisha akaenda uani kulia peke yake.

Mama yake Jaibun, Bi Hamidan, alifika kutoka mji wa Ba na mizigo yake na maneno yake. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amezika wajukuu watatu ambao hawakufikia kupewa majina, na huyu alitaka afanyiwe kila kitu, kwa siku yake. Siku ya saba mtoto wa Kiislamu hunyolewa kichwa. Siku ya saba ilikuwa ya tisini na tatu.

"Mtoto wa kinyozi," alisema, "akae na nywele za tumboni? Watu watanicheka mpaka Lautoka."

Kalim alimweleza yote tangu mwanzo. Alimwambia sheria inaruhusu hata siku ya kumi na nne, na maalim mwenyewe amesema hivyo. Bi Hamidan alitikisa kichwa, akasema haya, baba, wewe ndiye mwenye mwana. Kalim akaridhika. Hapo alikosea, kwa kuwa alimweleza kuhusu wembe, na neno wembe ndilo alilolitumia toka mwanzo hadi mwisho.

Siku ya saba alikwenda sokoni kununua mbuzi. Aliporudi saa tisa mchana nyumba ilikuwa na utulivu mzuri. Bi Hamidan alikuwa jikoni akikaanga, akiimba chini chini. Chumbani Jaibun alikuwa ameketi kitandani, amegeukia dirisha, akimnyonyesha mtoto chini ya shela. Sanduku lilikuwa limevutwa nje kidogo. Mashine ya umeme ilikuwa juu yake, imefutwa vizuri kwa kitambaa.

Kalim alisimama mlangoni.

"Nani ameitumia hii?"

"Mama," alisema Jaibun bila kugeuka. "Nilikuwa nimelala. Nimeamka ameshamaliza. Anasema usikasirike, wembe hajaugusa, ni umeme tu, hata haukati ngozi."

Kalim aliitazama mashine. Alisikiliza. Jikoni mafuta yalikuwa yakichemka, na ile harufu ya kitambaa kilichosahauliwa usoni mwa mgonjwa ilikuwa imeanza kuingia chini ya mlango, taratibu, bila haraka yoyote, ikapita miguuni pake, ikaenda zake kitandani.

"Mwenzangu," Jaibun alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Tangu nimemweka kifuani ananikwaruza. Ananyonya huku ananichoma choma, mpaka amenitoa damu. Nilidhani kucha. Mikono yake nimeishika mimi, yote miwili. Njoo umfunue wewe. Mimi naogopa kumtazama kidevuni."