Maji ya Mzee Wan

Saa 6:40 mchana. Chumba cha nyuma, karakana ya vyungu, mji wa Dingshu, China.

Dai aliweka mezani tunda la yungiyungi. La udongo wa zambarau, mbegu zinacheza vishimoni, chura kajibanza pembeni. Heng alikuwa amelifinyanga kwa kuiga chombo cha kale ambacho Mzee Wan, bingwa wa hati za brashi, hudondoshea maji kwenye jiwe lake la kusagia wino.

"Mzee analala mpaka nane na nusu," Dai alisema. "Shemeji Yunzhen anaacha mlango wa uani wazi. Unaingia, unabadilisha, unatoka."

"Na yeye anatoka lini?" Heng aliuliza.

"Anabaki anaosha vyombo. Akitoroka leo, si kajitangaza?"

Yunzhen ni mke wa Heng. Alijipenyeza kwa Mzee Wan kama mtumishi kwa ajili ya dili hili. Asubuhi alimsihi mumewe asimtelekeze, na Heng akaapa.

Saa 7:55. Kazi ikaenda laini. Yunzhen alimpisha bila kumtazama, mikono ina povu. Mzee anakoroma. Heng akabadilisha, akasunda mzigo kifuani, akatoka.

Saa 8:10. Peng, dereva, alikuwa anakata kona ya mfereji Heng alipohisi baridi tumboni. Shati limelowa.

"Kina maji," alisema.

"Kifute basi," Dai akasema.

"Hujanielewa, kaka. Yunzhen hukijaza asubuhi. Changu nimekiacha kikavu. Mzee akiamka tu, anasaga wino; akikosa maji, anajua kimebadilishwa."

Maisha yake yote Heng alifinyanga vyombo vya wasomi, akaviuza vikavu. Wino hajawahi kusaga. Mtu mzima ovyo.

"Mpigie mkeo," Peng alisema.

"Si mlimwambia aache simu nyumbani? Geuza gari. Polisi watambana."

"Akibanwa atatutaja?" Dai aliuliza.

"Yule? Hata wamuue, hasemi."

"Basi shida iko wapi?"

Heng akaanza kulia. Dai akamtazama, akamwashiria Peng asimame, akafungua mlango.

"Nenda. Ukikimbia utamwahi. Sisi hatutakusubiri."

Heng akatoa mguu mmoja. Akaiona njia, akaona na pingu mwisho wake. Kisha wazo likamjia, akalionea aibu papo hapo: Yunzhen hatasema. Jina la Heng halitatoka kinywani mwa mke wake.

Akaurudisha mguu ndani.

"Funga, upepo unaingia," Peng alisema, hakumtazama.

Heng akaufunga mlango.