Mwandishi wa Kituo cha Saba

Mpima alitaja kipimo, na nyuma yake sauti ikajibu, "Nimepokea." Akageuza darubini kuelekea kilele cha pili, akataja kingine. "Nimepokea." Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipomwona mwandishi wake kwa mbali, anapanda mlima huku akihema, na begani amebeba mwavuli wa kukinga darubini aliotumwa kuufuata.

"Wewe si ulikuwa hapa sasa hivi?" Mpima akamuuliza alipofika.

"Kwa mabawa gani, shemeji?"

Daftari lilikuwa wazi juu ya jiwe. Vipimo vyote viwili vilikuwa vimeandikwa kwa mwandiko wa kulala, na wino ulikuwa haujakauka. Wao walikuwa wakitumia penseli.

Huyu mwandishi alikuwa kaka wa mke wa Mpima, na ofisini walimwita Kasuku. Jina lilitokana na kazi yenyewe: mpima anataja, mwandishi anajibu "nimepokea" na kuandika, kisha jioni anasoma yote kwa sauti, na mpima anajibu "sahihi" au "futa". Kisichosomwa hakihesabiki. Wawili hao walikuwa wametumwa kuifuata njia ya msafara wa wavumbuzi waliolivuka pori lile zaidi ya miaka mia moja nyuma, na kuweka alama kwenye vituo vyake tisa. Pori sasa ni mali ya umma, na serikali ilitaka wananchi waitembee njia hiyo.

Walikuwa na nakala ya shajara ya msafara. Kasuku akaifungua kwenye kituo cha saba, hicho walichokuwapo, akasoma kwa sauti ya chini: "Mwandishi wetu hasikii tena baridi wala njaa. Tukimwita anacheka. Tumemwacha kwenye lundo la mawe. Bado anaandika."

"Shemeji, tufungashe," alinong'ona. "Usiku wa deni haukawii kucha, lakini sisi hatudaiwi, na wa hapa utakawia."

"Sasa ni saa nne asubuhi. Bado vituo viwili tu. Chukua fimbo ya kupimia, nenda kilele cha pili."

Mpima hakuwa mbishi. Hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani, basi. Binti yake wa pekee, wa miaka sita, alikuwa amefariki miezi kumi na moja iliyopita. Mkewe alilia mpaka majirani wakamzoea. Yeye hakutoa chozi, watu wakamsifu kwamba amejikaza kiume, na tangu hapo kila safari ya mbali aliipokea yeye.

Ukungu ukashuka. Kasuku akapotelea ndani yake na fimbo yake.

"Baridi gani hii," Mpima akajisemea.

"Nimepokea."

Baridi ikaisha. Haikupungua, iliisha, na vidole vyake vikawa kama vya mtu mwingine. Harufu ya karatasi iliyolowa ikampanda puani, na kisogoni mwake, nyuma ya lundo lile lile la mawe la kwenye shajara, akasikia kalamu ikikwaruza. Alipaswa kukimbia, hata yeye alilijua hilo. Badala yake akalijaribu tena, kama mtu anayebonyeza jino bovu.

"Goti linaniuma."

"Nimepokea." Goti likanyamaza.

Akasimama pale ukungu ukimlowesha nguo, anasikia kalamu ikingoja, maana kalamu inayongoja nayo ina sauti yake, na akawaza kuhusu kile alichokuwa amekibeba kifuani miezi kumi na moja bila kumwambia mke wala shemeji wala kukitaja katika sala zake, kitu kilichomfanya aogope nyumba yake mwenyewe na kila mlango uliofungwa, na mdomo wake ukafunguka kabla hajaamua, akakisema chote, polepole, mpaka mwisho, akiwa ameyapa mawe kisogo.

"Nimepokea," sauti ikasema, kwa upole kabisa.

Kasuku aliporudi kutoka kileleni alikataa kulala porini, wakashuka wakiiacha darubini pale pale, bila kusoma daftari. Mpima alirudi nyumbani mtu mwepesi. Alikula, alilala, alipiga mluzi bafuni. Mkewe alifurahi siku mbili. Siku ya tatu akamwona ameinua sufuria ya maji yanayochemka kwa mikono mitupu, ngozi inabadilika rangi, naye anauliza chumvi iko wapi.

"Baba! Mikono yako!"

Akaitazama. "Ah, kweli."

Jioni ile akamkuta anatia nguo za mtoto kwenye gunia la taka, zinajaza kabati, alisema. Mke akamnyang'anya gunia.

"Niambie kitu kumhusu binti yetu. Kimoja tu."

Mpima akafikiri kwa uaminifu. "Alizaliwa, akaugua, akafa."

Mke hakulia. Alimpigia simu kaka yake, naye Kasuku, ambaye alikuwa hajapata usingizi tangu atoke porini, akamwaga kila kitu.

Mganga waliyempata alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Hakuchoma ubani. Aliuliza habari za kazi ya upimaji tu, hatua kwa hatua.

"Yule mwandishi wa msafara alikufa zamani," akasema. "Aliyekaa mahali pake ni jini. Alijifunza kazi kwake, na anaifuata kuliko nyinyi. Mlichukua vipimo mkaondoka bila kusomewa. Rudini mumwambie asome. Atakayesema 'sahihi' ndiye atakayepewa kilichosomwa. Akisema 'futa', kimekwenda moja kwa moja."

"Twende wote, mganga," Kasuku akamsihi.

"Kwa magoti haya? Nendeni. Mimi nitawaombea hapa hapa."

Walifika kituo cha saba saa sita mchana, jua kali, bila ukungu. Hilo halikusaidia. Harufu ya karatasi iliyolowa ilikuwepo, na Kasuku alitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Mke akamshika mumewe mkono uliofungwa bandeji, akayageukia mawe.

"Soma!"

Kalamu ikaacha kukwaruza.

"Baridi gani hii," sauti ikasoma.

"Sahihi," akajibu Mpima. Meno yakaanza kumgongana juani.

"Goti linaniuma."

"Sahihi." Akayumba, akashikilia jiwe. Akamtazama mkewe kama mtu anayeanza kuelewa hesabu.

"Nilimwambia mama yake nakwenda kununua maji," sauti ikaendelea, "lakini nilisimama nje ya mlango wa wodi kwa sababu sikuweza kumwona akifa, na mama yake alipotoka mbio kumwita daktari hakuniona nilivyojibanza ukutani, na mtoto akabaki peke yake, akaniita, baba, akaniita mara tatu, nikamsikia mara zote tatu, na sikuingia."

Mke aliuachia mkono wa mumewe. Miezi kumi na moja alikuwa akijiuliza kama mwanawe alisema neno la mwisho.

"Baba," akasema kwa shida, "sema sahihi."

Mpima alikuwa anatetemeka kwa baridi na kusimama kwa mguu mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye busara.

"Hapana," akasema. "Hivi viwili tu vimenitosha. Fu—"

"Sahihi!" mke akapiga kelele, akamwahi. "Sahihi! Ni sauti ya mwanangu, nipe mimi!"

Akaanguka kwa magoti juu ya mawe. Masikioni mwake mtoto aliita, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na miguu yake mwenyewe ilikataa kuuvuka mlango. Kasuku akamkumbatia dada yake, wakalia pamoja kwa sauti.

Mpima aliwangoja kwa adabu. Walipochelewa, akachechemea mpaka kwenye darubini, akaifuta vumbi, akatazama mbele ya njia.

"Anga ni safi," akasema. "Tukiondoka sasa, kituo cha nane tunakimaliza leo."