Kibudu cha Keamari

Maiti ya Sajawal ilitolewa tangini kwa kamba, ikidondosha molasi nyeusi juu ya sakafu ya gati. Harufu ya pombe ikawafikia watu wote.

"Mlevi huyo," alisema mnyapara Rafaqat kabla hajaulizwa. "Nusa mwenyewe, afande."

Inspekta Mehrab Gabol alinusa, hasira ikampanda. Bandari nzima ya Keamari inajua kwamba molasi ikilala tangini huchacha, hunuka pombe, na hutoa hewa nzito inayojaa chini na kumuua mtu bila kumpa nafasi ya kupiga kelele. Mnyapara alilijua hilo kuliko wote. Lakini tayari mjane, Hajra, aliyesimama langoni, alikuwa ameambiwa kwamba mumewe amekufa mlevi, na shemeji zake walikuwa wanasitasita kuibeba maiti.

"Kabla hajashuka kukomba molasi iliyobaki, mlijaribu hewa?"

"Kama kawaida. Tuliteremsha jogoo kwenye kikapu, akarudi anawika. Waulize hao."

Wafanyakazi wakaafiki. Walimwona kwa macho yao, jogoo mwekundu, mzima. Sajawal hata alimtania: "Umepona wewe, mimi nani nisipone?" Ndipo akashuka.

Gabol alikigeuza kikapu. Kilikuwa kikavu, hakina hata tone, na chini ya tangi molasi inafika vifundoni.

"Kikapu hiki hakikufika chini."

"Pengine kimeoshwa."

"Na nani?"

Mnyapara akageuka kuitazama meli iliyokuwa inasubiri kupakia.

Basi jogoo aliishia katikati, kwenye hewa nzuri. Gabol alijiuliza kwa nini mtu afupishe kamba, kama hajui tayari kilichoko chini. Akaelekea jiko la wafanyakazi, huko kuku wote huishia. Mpishi alikuwa anakoroga mchuzi wa kuku. Ndani ya ndoo ya taka mlikuwa na manyoya meupe yaliyogandamana kwa molasi, na kichwa cha jogoo. Shingo ilikuwa imekatwa, lakini jeraha lilikuwa limepauka, halina damu.

"Huyu ulimchinja wewe?"

"La, afande. Mnyapara aliniletea keshachinjwa, asubuhi, kabla yule mwekundu hajateremshwa. Alisema ni chakula cha vijana."

"Epua chungu. Asionje mtu!"

Gabol alipakua sahani moja na kuibeba mpaka ofisini. Tajiri Jamshed Vohra, mwenye tangi, alikuwa anakunywa chai na mnyapara wake. Gabol aliiweka sahani mbele ya Rafaqat.

"Kula."

"Nimeshiba, afande."

"Tonge moja tu. Piga bismillahi, ule."

Mnyapara alinyoosha mkono, akaurudisha. Tajiri akacheka kidogo. "Inspekta, umekuja kupeleleza au kulisha watu?"

"Wewe nyamaza!" Gabol alipiga meza, vikombe vikaruka. "Rafaqat! Mtu umeweza kumuua, kibudu ndicho kinachokukwama kooni?"

Rafaqat alifunika uso. "Siwezi kula haramu, afande."

"Lakini wenzako ulitaka kuwalisha! Huyu jogoo alifia wapi?"

"Tangini. Alikuwa wa kwanza, nilimfunga kamba bila kikapu nikamteremsha alfajiri, vijana hawajafika. Alitoka amekufa. Watu wakaanza kuingia, sikuwa na pa kumtupa, nikampitishia kisu."

"Na ukamwacha Sajawal ashuke."

"Aliapa hashuki mpaka amwone jogoo akirudi hai. Nilimwambia tajiri tangi bado lina hewa mbaya. Meli ilikuwa inasubiri. Tajiri akasema..."

"Funga mdomo!" Vohra alifoka.

"Akasema, 'Tafuta kuku mwingine.'"

Gabol alimtazama yule tajiri. Alitamani kumbamiza ukutani. Badala yake alitoa pingu, akawafunga wawili hao pamoja, mkono kwa mkono, na kuwatembeza katikati ya wafanyakazi wote.

Langoni alisimama mbele ya Hajra.

"Dada, daktari atapima damu yake, na hatakuta pombe. Ni tangi lililonuka. Mumeo ameuawa, na waliomuua ni hawa."

Hajra hakulia. Aliwageukia shemeji zake waliokuwa wamejitenga.

"Mmesikia? Haya, mnyanyueni ndugu yenu."